Kabla Umwite Mtu Mkwepaji, Jua Hilo Neno Lilitoka Wapi

Siku hizi watu wakiachana hapa Nairobi, husikii tena "tulishindwana." Unasikia "yeye ni mkwepaji" ama "shida ni mimi, niko na wasiwasi sana." Kuna yale majaribio ya maswali kumi ya mitindo ya kushikamana. Unafanya moja kwa simu ukiwa ndani ya matatu, na kabla ufike Githurai ushajua wewe ni mtu wa aina gani, mpenzi wako ni wa aina gani, na kwa nini nyinyi wawili hamtawahi kufaana.

Inboksi yangu imejaa hii stori. Kuna kijana wa miaka 19 aliniuliza: "Nimepata mimi ni mkwepaji. Sasa nimwambie dem wangu atafute mtu mwingine?" Fikiria hapo kidogo. Mtu anataka kujitoa kwa mapenzi, akiwa na miaka 19, kwa sababu ya maswali kumi.

Kwa hivyo leo nataka tuongee historia. Kwa sababu hili wazo la kushikamana, lenye watu wengi wanaona ni kitu ya Wamarekani na TikTok yao, sehemu yake kubwa ilianzia hapa jirani, kwa vijiji vya karibu na Kampala. Na ukijua ilianza vipi, hautawahi kulitumia vile tunalitumia sasa.

Mama mmoja wa Kanada na daktari mmoja wa London

Mary Ainsworth alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka wa 1913, akakulia Toronto, Kanada. Alisomea saikolojia mpaka akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1939. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto akaingia jeshi la Kanada, akapanda mpaka cheo cha meja. Mwaka wa 1950 aliolewa, akahamia London na mumewe, na huko akapata kazi kwa daktari anayeitwa John Bowlby.

Bowlby alikuwa na hoja iliyowaudhi wenzake wengi. Enzi hizo, wataalamu walikuwa wanasema mtoto anampenda mama kwa sababu mama ndiye chakula. Mpe mtoto maziwa, mwoshe, mweke mahali safi, basi. Ndiyo maana katika hospitali nyingi za Uingereza mtoto akilazwa, wazazi waliruhusiwa kumwona kwa muda mfupi sana. Mtoto akilia siku tatu halafu anyamaze, wauguzi walisema, "Ona, ameshazoea."

Bowlby akasema hapana, huyo mtoto hajazoea, amekata tamaa. Mwaka wa 1951 aliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti akieleza kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa joto na wa kudumu na mama yake, ama na mtu anayesimama mahali pa mama. Yeye mwenyewe alilelewa zaidi na yaya kuliko wazazi wake. Yule yaya aliyempenda sana aliondoka Bowlby akiwa na karibu miaka minne, na baadaye kijana akapelekwa bodingi. Alijua alichokuwa anazungumzia.

Lakini hoja yake ilikuwa na pengo moja kubwa. Alikuwa amesoma zaidi watoto waliokwisha kuumia: wa hospitali, wa makao ya mayatima, wale wezi wadogo aliowahi kuwatibu. Nani alikuwa amekaa chini akamtazama mtoto wa kawaida, kwa nyumba ya kawaida, aone mapenzi yanajengwa vipi siku baada ya siku?

Hapo ndipo Kampala inaingia.

Alasiri mbili kila mwezi

Mume wa Ainsworth alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Mary akamfuata, bila kazi yake mwenyewe. Mkurugenzi wa taasisi, Audrey Richards, alimsaidia kupata pesa kidogo za utafiti, na mwaka wa 1954 akaanza.

Huo haukuwa wakati mtulivu Buganda. Novemba 1953 gavana Mwingereza alikuwa amemfukuza Kabaka Mutesa II akampeleka uhamishoni, na hakurudi mpaka Oktoba 1955. Watu walikuwa na hasira. Na katikati ya hiyo hasira, mwanamke mzungu anabisha mlango anataka kujua mtoto wako ananyonya vipi. Bado akina mama 26 walimkaribisha. Alijifunza Luganda kiasi, akaenda na mkalimani, na kazi yake ilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kufanya: kila baada ya wiki mbili, alasiri, wakati akina mama wametoka shambani na wanapokea wageni, anaingia, anakaa kama masaa mawili, anaongea na mama na kumtazama mtoto. Alifanya hivyo kwa miezi kadhaa, nyumba nyingine mpaka miezi tisa.

Alikuwa amekuja na swali tofauti kabisa. Alikuwa amesikia kwamba Waganda wana desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa nyanya yake, ili asahau. Alitaka kuona huko kutengana kunamfanyia mtoto nini. Alipofika akapata familia nyingi hazifanyi hivyo tena. Basi akaliweka swali lake kando, akaanza kuandika alichokuwa anakiona.

Na aliona nini? Aliona mtoto anatambaa kutoka kwa mama, anaenda kuangalia kikapu, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anaenda mbali kidogo, kisha anarudi kumgusa goti, halafu anaenda tena. Mama alikuwa kama kituo. Mtoto hakuwa anamng'ang'ania, na hakuwa anamkimbia. Alikuwa anathubutu kwenda mbali kwa sababu kuna mahali pa kurudi.

Kitu kingine: mama akirudi kutoka shambani, watoto wa Kiganda walikuwa wanampokea kwa kupiga makofi. Ainsworth alilitilia maanani, kwa sababu watoto wa kizungu aliowajua wangekumbatia na kubusu. Hawa walipiga makofi, na furaha ilikuwa ile ile. Shika hilo, tutalirudia.

Mama anayejua

Watoto walikuwa 28. Ainsworth aliwapanga kwa makundi matatu: 16 walioonyesha wameshikamana na mama kwa usalama, 7 waliolia sana hata mama akiwa karibu, na 5 ambao hakuona dalili kwamba wameshashikamana na mama. Kisha akauliza: tofauti iko wapi?

Mimi nilidhani ungesikia pesa, ama idadi ya masaa ambayo mama anakaa nyumbani. Lakini moja ya vitu vilivyojitokeza wazi kwa daftari zake ni hiki: wale akina mama waliokuwa na watoto wenye utulivu ndio waliojua kueleza mtoto wao. Ukimuuliza kuhusu mtoto, hasemi tu "yuko sawa." Anakuambia anapenda kulala vipi, analia vipi akiwa na njaa na analia vipi akiwa amechoka, jana alifanya nini kipya, anaogopa mgeni wa aina gani. Anaeleza bila kusukumwa, na mazungumzo hayatoki kwa mtoto. Wengine walijibu kwa juu juu, ama walihama wakaongea mambo mengine.

Watoto 28 ni wachache, na Ainsworth mwenyewe alijua hawatoshi kumaliza mjadala. Lakini kwangu hii ndiyo sehemu ambayo majaribio ya simu yameiacha nje kabisa. Mwanzo wa hii hadithi yote hakukuwa na swali "wewe ni aina gani ya mtu?" Swali lilikuwa: huyu aliye mbele yako, unamjua kwa undani kiasi gani? Unamtazama?

Jinsi miezi tisa iligeuka dakika ishirini

Baada ya Uganda, Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka wa 1963 akaanza utafiti mwingine, familia 26 tena. Sasa alikuwa anaingia kila nyumba kila baada ya wiki tatu, masaa manne kila safari, mwaka mzima wa kwanza wa mtoto. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka wa 1967.

Kulikuwa na tatizo dogo Baltimore. Watoto wa huko walikuwa wamezoea sana mama kuingia na kutoka chumbani, kwa hivyo kile kitendo cha kwenda na kurudi hakikuonekana wazi nyumbani kama kilivyoonekana Buganda. Ndipo akabuni jaribio la chumba kigeni. Mama na mtoto wa mwaka mmoja wanaingia chumba wasichokijua chenye vitu vya kuchezea. Mtu mgeni anaingia. Mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi. Yote yanachukua kama dakika 20. Na jambo kubwa la kutazama ni lile la mwisho: mama akirudi, mtoto anafanya nini?

Wengine walilia mama akitoka, akirudi wakamkimbilia, wakatulia, wakarudi kucheza. Wengine walilia na hata akirudi hawakutulia, wanataka kubebwa na wakati huo huo wanampiga mama mateke. Na wengine waliendelea kucheza kama hakuna kitu kimetokea, mama akirudi wanaangalia pembeni. Hawa ndio "wakwepaji" wa kwanza kwa historia. Watoto wa mwaka mmoja.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 1977 watafiti wawili, Sroufe na Waters, walichapisha kazi ambamo walikuwa wamepima mapigo ya moyo ya watoto kama hawa. Yule mtoto aliyeonekana hajali, moyo wake ulikuwa unadunda kwa kasi. Alikuwa ameumia kama wenzake. Alikuwa tu amejifunza kwamba kuonyesha hakumsaidii.

Kwa hivyo ukimwambia mtu "wewe hauna hisia, wewe ni mkwepaji," unamwambia kitu ambacho utafiti wenyewe ulikikataa zamani.

Halafu ikaja hatua ya tatu. Watafiti wawili wa Denver, Cindy Hazan na Phillip Shaver, walijiuliza kama mapenzi ya watu wazima nayo yana mitindo hii. Waliweka maswali kwenye gazeti la mji wao, likiwa na aya tatu fupi, chagua inayokufanana. Wakachambua majibu 620 na kuchapisha mwaka wa 1987. Zaidi kidogo ya nusu walijiona wako salama, kama robo wakajiona wakwepaji, waliobaki wakajiona wana wasiwasi. Walikuwa waangalifu, walisema wazi kwamba hii ni njia rahisi ya kuanzia tu.

Ona safari yenyewe. Miezi ya kukaa kwa sebule ya mtu Buganda. Halafu dakika 20 Baltimore. Halafu aya tatu kwa gazeti Denver. Halafu maswali kumi kwa matatu ya Githurai. Kila hatua, kumtazama mtu kunapungua na jina linazidi kuwa kubwa. Siwalaumu watafiti, wao walijua wanapima nini. Sisi ndio tumebaki na jina peke yake.

Kisii na mkono wa salamu

Kama ulidhani Kenya haimo, imo. Mwaka wa 1986 Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walichapisha utafiti kutoka kwa jamii ya Abagusii. Huko, kama sehemu nyingi za kwetu, mtoto mchanga hakubebwa na mama peke yake. Mama akienda shamba, mtoto aliachwa na dada yake ama binamu, msichana ambaye yeye mwenyewe bado ni mtoto.

Watafiti walichukua lile jaribio la kutoka na kurudi wakalibadilisha lifanane na mazingira. Na wakapata kwamba mtoto wa Gusii akimwona mama amerudi, hatarajii kukumbatiwa. Anatarajia kusalimiwa kwa mkono. Mtoto aliyetulia ananyoosha mkono kwa furaha. Yule asiye na uhakika anaunyoosha halafu anaurudisha.

Mtu wa Baltimore angekaa pale na daftari lake akisubiri kuona kumbatio, angeandika nini? Angeandika watoto wa Kisii wote hawana upendo. Kumbe upendo upo kwa mkono.

Watoto walio wengi walikuwa wameshikamana salama na mama, na zaidi kidogo ya nusu walikuwa wameshikamana salama na yule msichana anayewabeba pia. Yaani mtoto anaweza kuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kurudia, na uhusiano wake na kila mmoja unaweza kuwa tofauti. Mtoto mmoja, uhusiano mbili, majibu mawili. Sasa niambie, huyo mtoto ni wa "aina" gani?

Hii nawaambia hasa nyinyi mliolelewa na shosho kwa sababu mama alikuwa anafanya kazi mjini, ama na anti, ama na yaya ambaye mpaka leo ukisikia jina lake unatabasamu. Kuna mtu mtandaoni atakuambia ulikosa mama kwa hivyo umeharibika. Muulize kama amewahi kusikia Kisii. Baba yako ambaye hajawahi kukuambia "nakupenda" lakini huamka saa kumi kukusindikiza stage ukienda shule, huo ni mkono ulionyooshwa. Haimaanishi usitamani kuyasikia hayo maneno. Inamaanisha usome lugha yake kabla ya kusema hana.

Inabadilika?

Ndio. Mwaka wa 2000, Everett Waters na wenzake walichapisha matokeo ya watu 50 ambao walipimwa wakiwa na mwaka mmoja na wakapimwa tena miaka 20 baadaye. 36 walibaki upande ule ule, salama ama la. 14 walihama. Na mengi ya mabadiliko yalienda pamoja na mambo mazito ya maisha kama kufiwa na mzazi, wazazi kuachana ama ugonjwa mkubwa.

Kwa hivyo utoto una uzito, tusidanganyane. Lakini si damu. Mtu anaweza kuanza vizuri maisha yakamtikisa, na kuna watu walioanza vibaya wakatulia. Watafiti waliomfuata Ainsworth, kama mwanafunzi wake Mary Main, walipata watu wazima waliopitia utoto mgumu lakini wanaweza kuuongelea bila kuuficha na bila kuzama ndani yake, na hao wanalea na kupenda vizuri.

Ainsworth mwenyewe ni mfano. Yule mume aliyemfuata London, Kampala na Baltimore, ndoa yao ilivunjika mwaka wa 1960. Alitaka watoto, hakupata. Iliumiza, akaenda kwa tiba ya kuongea kwa miaka mingi. Kazi yake kubwa zaidi aliifanya baada ya hapo. Alifariki mwaka wa 1999 akiwa ameacha wanafunzi wanaomwongelea kama mzazi.

Sasa tufanye nini na hii yote

Kwanza, yule kijana wa miaka 19. Nilimjibu hivi: usimwambie dem wako "mimi ni mkwepaji." Mwambie, "Nikiona mambo yanakuwa mazito, huwa nazima simu siku mbili kwa sababu naogopa." Hiyo ya kwanza ni jina na hakuna cha kufanya nalo. Hiyo ya pili ni habari, na mtu anaweza kuitumia. Atakuuliza, "Unaogopa nini?" na hapo ndipo mnaanza.

Pili, jifunze kujieleza kama wale mama wa Buganda walivyoeleza watoto wao. Ukiblutikiwa, mwili wako unafanya nini? Unakosa usingizi, unakula ovyo, unaanza kupekua alikuwa onlaini saa ngapi? Hasira yako ikija, inakujia lini? Jijue kwa undani kabla ya kujipa jina.

Tatu, wajue watu wako vile vile. Chagua mmoja. Anaogopa nini mwezi huu? Akisema "niko poa," ni poa gani? Kama hujui, hiyo si dhambi, lakini ndiyo kazi iliyopo, na inafanywa kidogo kidogo. Ainsworth alirudi kwa mlango ule ule kila wiki mbili.

Nne, na hapa nisikizeni vizuri, jina lisiwe kibali. "Mimi ni mkwepaji" haimruhusu mtu kukuacha kwa mataa kila mwezi akirudi na maua. Na mtu akikupiga, akikufuatilia, akikutisha, huo si mtindo wa kushikamana, hiyo ni dhuluma. Usikae ukimsoma saikolojia yake. Toka, ambia mtu, piga 1195, ni bure.

Wale akina mama 26 majina yao hayako kwa yale majaribio tunayofanya kwa simu. Walifungua mlango, wakamkaribisha mgeni, wakaongea kuhusu watoto wao, na dunia nzima ikajifunza kitu kutoka kwa sebule zao. Sisi majirani tungekuwa wa kwanza kukumbuka kwamba ilianza kwa mtu kukaa chini na kusikiza. Kwa hivyo leo jioni kabla ujaze jaribio lingine, kaa na mtu wako mmoja masaa mawili, simu ikiwa mbali, umuulize anaendeleaje, kisha umwache amalize kujibu.